Siku za Biasha

Kilimarondo, 9 Machi 1952

Kwa Mjomba wangu, Mwalimu Lukumani, Nkowe.

Shikamoo Mjomba. Mimi sijambo. Bashiri hajambo, na mama mkwe hajambo ila macho yake yanazidi kuingia ukungu. Mvua mwaka huu hazikutudanganya. Mtama umefika kiunoni, na nguruwe wameshapata habari, kwa hiyo Bashiri analala dunguni shambani na debe lake la kupiga. Mama hajambo? Adinani anayetuchukulia barua ameniambia mguu umemrudia tena. Mwambie asikanyage umande, japo najua atasema umande haujamkosea kitu.

Mjomba, nina jambo nakuuliza wewe, kwa sababu ndiwe uliyenishikisha kalamu, na kwa mila yetu ndiwe mwenye mimi kabla ya mtu mwingine. Mtu akiwa na daftari lake, na asitake lisomwe, afanyeje katika nyumba isiyo na sanduku wala mlango wa komeo?

Tangu Biasha alipozaliwa nilikuwa naandika siku zake. Si mambo ya maana. Siku alipoota jino. Siku alipomwita kuku mweupe kwa jina la bibi yake, tukacheka mpaka bibi mwenyewe akashika mbavu. Alipofariki mwaka jana sikuacha. Nikawa naandika yale niliyoyasahau mwanzo, na yale ya moyoni mwangu. Habari yenyewe unaijua: degedege lilimshika Ijumaa, mimi nikataka tumbebe Jumamosi kwa baiskeli mpaka Nachingwea, Bashiri akasema tungoje lori la Jumatatu. Jumatatu lori lilikuja, na hatukuwa na wa kumpakia.

Katika nyumba hii jina lake halitajwi. Mama mkwe anasema kumtaja mtoto aliyekwenda ni kumzuia njiani. Zamani waliniita Mama Biasha, sasa naitwa mke wa Bashiri. Basi mwanangu yumo ndani ya daftari, hayumo pengine popote.

Juzi narudi kisimani namkuta Bashiri kaketi kizingitini, daftari mapajani, anafuata mstari kwa kidole kama walivyofundishwa jioni kule kwenye mashamba ya karanga ya Mwingereza. Hakunipiga. Alisema, "Kumbe mimi ndiye niliyeua."

Nikamwambia, "Sikuandika hivyo."

"Umeandika, tungeondoka Jumamosi. Si ndiyo hayo hayo?"

Akalirudisha pale pale alipolitoa. Tangu hapo haniambii neno ila la chakula. Nimelihamishia ndani ya kihenge cha nafaka, na panya wameshaanza kula pembe. Nishauri.

Ni mimi mpwa wako, Hajira.


Nkowe, 2 Aprili 1952

Mpwa wangu Hajira,

Marahaba, na sisi huku tungali tunapumua. Mama yako mguu wake umepungua uvimbe baada ya kukandwa na majani ya mbaazi, lakini ulimi haujapungua. Mikorosho niliyopanda nyuma ya nyumba imeshika, mitatu tu imekatwa na mchwa. Nimestaafu ualimu nikidhani nimeacha kuhangaika na vichwa vigumu, kumbe mchwa walikuwa wananingoja.

Swali lako ni zuri, nami nitalijibu kwa mapana kidogo, kwa maana jibu fupi humfaa mtu mwenye haraka.

Kwanza ondoa moyoni mwako hofu ya kuwa kuficha ni hila. Mtu anapooga hufunga mlango wa ua. Hafungi kwa sababu mwili wake ni mwovu, hufunga kwa sababu ni wake. Maneno unayojiandikia mwenyewe ni kama mwili wakati wa kuoga. Bashiri hakukosa kuwa na uchungu, alikosa kuingia uani bila kubisha hodi.

Sasa namna ya kuficha. Mahali pa kuficha katika nyumba ya fito na udongo hapapo. Kihenge kina panya, dari lina moshi, ardhi ina mchwa. Basi usifiche daftari, ficha maneno. Nilipokuwa nakufundisha wewe na kaka zako, niliwafundisha herufi za namna mbili: hizi za shuleni, na zile za Kiarabu mlizosomea Qurani kwa marehemu bibi yako, ambazo wazee wa pwani waliandikia Kiswahili tangu kabla ya Mjerumani, wakaandikia barua, mapatano ya mashamba, hata maneno ya mapenzi. Bashiri anajua herufi za shuleni tu. Mama yake alihifadhi sura zake kwa kusikia, hajui alifu kwa kuiona. Ukiandika Kiswahili chako kwa herufi zile, daftari hata ukiliacha wazi barazani limefungwa.

Nakuletea kwa mkono wa Adinani daftari jipya lenye jalada gumu, na wino wa unga pakiti mbili. Nakili yote, kisha lile la zamani lichome, usiache karatasi. Na kila ukurasa uanze kwa Bismillahi, kama tulivyofunzwa kuanza kila jambo jema. Itakutuliza mkono.

Nakuombea subira.

Mjomba wako, Lukumani bin Abdalah.


Kilimarondo, 1 Juni 1952

Mjomba wangu,

Shikamoo. Daftari lilifika, na wino ulifika, na samaki wakavu wa mama walifika wakiwa nusu, Adinani anasema walipungua kwa jua. Sote hatujambo. Mtama tumevuna. Ndovu walipita upande wa shamba la jirani wakatuachia letu, tukamshukuru Mungu kwa sauti ndogo ili jirani asisikie.

Nimenakili yote. Mwanzo mkono ulikuwa mzito, baadaye nikaona raha ambayo siwezi kukueleza, maana kuandika siku zake mara ya pili ni kama kuzipitia tena naye. La zamani nililichoma chini ya chungu cha kunde. Mama mkwe akasema, "Leo moto wako una harufu ya ofisi." Nikacheka peke yangu.

Lakini limetokea jambo, nami sijui nicheke au nilie. Wiki iliyopita mama mkwe alipapasa kihengeni akitafuta ungo, akalishika daftari. Akalitoa nje kwenye mwanga, akalifungua, akalisogeza karibu na macho. Nilikuwa natwanga, mchi ukanibaki juu. Mara nikaona analiweka kichwani, anatokwa na machozi.

"Mkwe wangu," akasema, "kitabu cha Mungu unakiweka na panya?"

Nikaushusha mchi. Marehemu mumewe alikuwa na msahafu, mchwa waliumaliza ukabaki jalada, na tangu siku hizo yeye husema nyumba isiyo na kitabu ni kama mtu asiye na kivuli. Alikwenda kutawadha, akalifunga daftari kwa kitambaa cheupe alichokiweka kwa ajili ya sanda yake mwenyewe, akamwambia Bashiri alitundike juu ya mlango. Bashiri alilitazama, akaona herufi, akaniangalia. Nadhani alitaka kuniomba radhi. Akasema tu, "Kumbe umeacha yale mambo yako, umeshika dini."

Jirani yetu Sikuzani alikuja na maneno yake: "Bi Mwamini! Mkweo ana chuo kizima kichwani, nawe unamtwangisha mtama kama mjakazi! Utaulizwa huko uendako!" Tangu siku hiyo sitwangi peke yangu. Mama mkwe ananiwekea paja la kuku. Mjomba, sitakuficha, imenipendeza kuheshimiwa.

Taabu yangu ni hii tu, kwamba kulishusha siruhusiwi ila nikiwa na udhu, na mbele ya mama mkwe, naye anataka nimsomee kwa sauti. Nikiwa katika siku zangu za mwezi ananizuia hata kupita chini yake bila kuinama. Nimekuwa namsomea sura fupi nilizozihifadhi, huku macho yangu yako kwenye ukurasa wa Biasha na kuku mweupe. Ni dhambi, Mjomba? Niambie upesi.

Hajira.


Nkowe, 28 Juni 1952

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka na mama yako akataka kujua ninacheka nini, nikamwambia ni habari ya ndovu. Mara ya pili sikucheka.

Huku ni wazima. Kaka yako Yunusi amepata mtoto wa kiume. Ufuta umekauka vizuri, walanguzi wameanza kupita.

Sikiliza nikueleze. Herufi si Qurani. Herufi ni kama chungu, na katika chungu hupikwa mboga na hupikwa dawa, na pia sumu ya panya. Kule pwani watu wameona chungu hiki kikipikiwa kila kitu, hawashangai. Huko kwenu wamekiona kikipikiwa kitu kimoja tu, kwa hiyo kila wakikiona hunawa mikono. Hili halikuwa jambo la kutazamiwa.

Kumsomea mkweo sura za kweli si dhambi, maana maneno anayoyasikia ni ya kweli. Lakini kumwachia aamini kuwa karatasi ile ni msahafu, hapo pana hatari, na kila siku ukingoja itakuwa ngumu zaidi kusema. Lishushe mapema. Sema limeliwa pembe na unataka kulitia jalada, ulilete au ulitume kwangu, nami nitakutumia msahafu wa kweli utundikwe mahali pake. Fanya hivyo kabla mtu hajapata wazo la kulitumia.

Adinani anasema njia ya kwenu ndovu wamekaa, atapita wakiondoka. Namhimiza.

Lukumani.


Kilimarondo, 20 Agosti 1952

Mjomba,

Shikamoo. Tangu Juni sijapata neno lako. Mama hajambo? Yunusi mkewe amejifungua? Hapa tupo.

Homa imeingia kijijini. Mtoto wa Sikuzani, yule mdogo Fadhili, alikataa ziwa, akawa moto kama jiko. Sikuzani alikuja kwetu mbio, kanga moja. Mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi nilimkuta mama mkwe ameshika kitambaa cheupe wazi magotini, na karatasi moja imo ndani ya bakuli la maji, wino unatoka kama moshi wa buluu. Waliita kombe, maji yaliyooshewa maandiko ya Mungu. Waliposema Bismillahi mtoto akanyweshwa.

Nilipiga kelele. Mama mkwe akasema, "Nini, mwanangu? Unaona choyo na maneno ya Mungu?" Sikuzani akaniangalia kwa macho ambayo, Mjomba, nilikuwa nayo mimi ile Jumamosi. Nikasema, "Hapana. Mungu amponye."

Na akapona. Kesho yake alishika ziwa.

Basi tangu hapo wanakuja. Wametoka mpaka ng'ambo ya mto. Mama mkwe hatoi bure ovyo ovyo, anachagua wagonjwa wa kweli, na anachana taratibu kwa mkono uliotawadha, na kila karatasi inayotoka ananiambia, "Mungu atakulipa." Hajui kuwa anachana siku. Iliyokwenda kwanza, ya Fadhili, ndiyo siku Biasha alipotembea kutoka kinu mpaka kizingiti. Ya kuku mweupe ameinywa mzee mwenye pumu. Ile ya jino sijui imekwenda kwa nani. Nikiona mtu anapita njiani najiuliza amebeba ipi.

Kuandika upya siwezi, maana daftari lenyewe silishiki, na nikitaka karatasi nyingine Bashiri anauliza, "Za nini, na kitabu unacho?" Najaribu kuzishika kichwani. Lakini Mjomba, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu huandika ili kichwa kipumzike, na kichwa changu kilikwisha pumzika. Nikitafuta nakuta mahali patupu.

Nikisema si Qurani, wataniuliza ni nini. Nikisema ni nini, watataka kusomewa. Na nikinyamaza, litakwisha. Nifanye nini?

Hajira.


Nkowe, 15 Septemba 1952

Mpwa wangu Hajira,

Adinani amekuja leo na barua yako ya Agosti, aliyoikuta Nachingwea, na mkobani mwake nimeikuta yangu ya Juni, haikuvuka Nachingwea. Nimeitia pamoja na hii uione, upate kujua sikunyamaza. Mama yako amelala na mguu wake. Yunusi mtoto wake anaitwa Lukumani, nimepewa jina mara ya pili nikiwa bado nalitumia la kwanza.

Mambo haya sasa yana pande mbili, nami nataka uzione zote. Upande mmoja ni wako: siku za mtoto wako zinakwisha. Upande wa pili ni wa hao watu: wanakunywa wakiamini, na mwingine ataacha kwenda hospitali kwa sababu amekunywa. Ukinyamaza kwa ajili ya daftari, na mtoto wa mtu akafa akingoja karatasi ifanye kazi, utakuwa umengoja lori la Jumatatu kama Bashiri. Nisamehe kwa mfano huo, lakini sina wa wazi kuliko huo.

Basi lisemwe, ila lisemwe kwa mtu mmoja mwenye ujuzi, kwa faragha. Hapo kwenu, katika chuo cha Qurani, yupo Mwalimu Kaimu. Nilisoma naye Lindi. Ni mtu wa haki, hacheki ovyo, na amana anaijua. Yeye atazisoma herufi zile kama wewe unavyozisoma. Mpelekee barua nyingine niliyoifunga ndani ya hii. Nimemweleza yote na kumwomba alichukue daftari kwa kisingizio cha kulitengeneza, akurudishie kimya kimya, na awaambie watu kombe limetosha. Usimwambie Bashiri kwanza, wala mkweo.

Nimelifikiri jambo hili kwa utulivu, na naona hapana njia nyingine iliyo salama.

Lukumani.


Kilimarondo, 2 Novemba 1952

Mjomba,

Shikamoo. Sote tu wazima. Mwambie mama nampa pole.

Barua nilimpelekea Mwalimu Kaimu. Aliisoma mbele yangu, akasema, "Lukumani hajaacha kueleza." Alikuja nyumbani siku ya pili kwa heshima, akaomba kitabu akitengeneze, mama mkwe akampa kwa mikono miwili. Alikaa na daftari siku kadhaa. Sijui alisoma kiasi gani. Nadhani alisoma lote, maana aliponiita hakunitazama usoni.

Alisema, "Binti yangu, amana ni amana, na kama ingekuwa siri yako peke yako ningeizika. Lakini watu wamekunywa hii kwa jina la Mungu. Nikinyamaza mimi ninayejua kusoma, dhambi yote inanirudia. Lazima niwaambie."

Nikamwambia, "Waambie, ila nirudishie."

Akasema, "Likirudi litatundikwa tena, na nisipokuwapo watalichana tena."

Nikamwambia nipe nafasi nilinakili kwa herufi za shuleni, nakala moja, nikae pale pale mbele yake. Akafikiri, Mjomba, nakuapia alifikiri kweli. Akasema, "Kila ukurasa una jina la Mungu juu yake. Siwezi kuzichoma, siwezi kuzitupa, wala siwezi kukuachia zikatumika vibaya. Sheria yake ni kuziosha."

Akaziosha. Akatia maji katika beseni la chuoni, akawa anazitia moja moja na kuzisugua kwa kiganja kama mama anavyoosha mtoto. Bashiri alikuwa ameitwa, alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti kila inapoingia, upesi upesi, ili nizishike. Nikawa napitwa. Maji aliyamwaga chini ya mnazi wa chuo, mahali pasipopitwa na miguu.

Baada ya sala ya Ijumaa akawaambia watu. Alisema kwa upole, hakunitukana, alisema ni maneno ya mama mwenye msiba. Lakini upole haukufika mbali. Sikuzani alikuja na Fadhili mgongoni. Akasema, "Ulimnywesha nini mwanangu?"

Nikamwambia, "Siku ile Biasha alipotembea mara ya kwanza."

Akamteremsha mtoto, akamtazama miguu. Kwa kuwa, Mjomba, Fadhili ameanza kutembea mwezi huu. Akasema, "Mwanangu anatembelea mwendo wa maiti." Akaondoka akimburuta mkono, na tangu siku hiyo wanampeleka kwa waganga ili atapishwe.

Mama mkwe amekifua kile kitambaa cheupe, anakianika, anakifua tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko matusi ya wengine.

Bashiri hakunipa talaka. Ameniambia nikitaka kukaa katika nyumba hii nitakwenda chuoni nishike msahafu wa kweli niape kwamba sitashika kalamu tena maisha yangu. Nimekubali. Nimemwomba asubuhi hii tu nikuandikie, nayo ndiyo hii. Akirudi shambani tunakwenda.

Ulisema nisiogope kufunga mlango wa ua. Hakuna tena cha kusitiri, Mjomba.

Hajira.


Nkowe, 30 Novemba 1952

Mpwa wangu, mwanangu Hajira,

Usiape. Kama umekwisha kuapa, basi sikiliza hili. Kwa mila yetu mwanamke hapotei kwa mumewe, ana wajomba. Yunusi na mimi tutakuja na kigari cha kuazima, tukupakie wewe na chungu chako, urudi Nkowe. Mama yako amekwisha safisha chumba. Hukuapa kutosema, uliapa kutoandika. Utakaa utasema, mimi nitaandika, pole pole, lolote litakalokurudia, hata kama ni jino tu. Nina macho bado na nina karatasi.

Kuhusu ushauri niliokupa, jambo lilikwenda lilivyokwenda. Mtu hushauri kwa anachokiona. Sitalieleza zaidi.

Nijibu tu neno moja, ndiyo, nasi tutaondoka.

Lukumani.


Kilimarondo, 18 Januari 1953

Kwa Mzee Lukumani, Nkowe.

Shikamoo Mjomba. Mwandishi wa barua hii ni mimi Bashiri, maneno ni ya Hajira. Yeye hajambo. Mama hajambo. Mvua zimechelewa.

Barua yako nimemsomea mimi, maana tangu aape hashiki tena karatasi yoyote yenye maandishi. Anasema siji. Nimemwuliza kwa nini, anasema andika hivyo hivyo, siji, nina mtu huku siwezi kumwacha peke yake. Mimi najua anamsema nani, kaburi liko nyuma ya shamba la mtama. Anasema msije na kigari. Anasema pia kwamba ya kusema hana, amejaribu na hayaji.

Sisi tunaishi vizuri.

Bashiri, kwa Hajira.


Nkowe, 10 Februari 1953

Mpwa wangu Hajira, na mwanangu Bashiri unayemsomea,

Natumaini barua hii itawakuta katika afya. Sisi huku ni wazima. Mama yako Mwanaheri anatembea kwa fimbo mpaka kisimani na kurudi. Mtoto wa Yunusi ameanza kukaa. Mikorosho ya nyuma ya nyumba imenifika kifuani. Mvua kwetu zimekuja, ndogo ndogo.

Leo sina la kueleza. Naleta salamu tu, na nataka zifike kwa kila mtu kwa jina lake, asisahaulike hata mmoja. Bashiri mwanangu, nakuomba uzisome kwa sauti kama zilivyo, usikimbize.

Nakusalimu wewe Bashiri. Namsalimu mama yako, Bi Mwamini, mwambie namheshimu. Namsalimu mpwa wangu Hajira. Namsalimu Biasha.

Lukumani bin Abdalah.


Kilimarondo, 5 Aprili 1953

Kwa Mzee Lukumani, Nkowe.

Shikamoo Mjomba. Barua yako imefika. Adinani aliichelewesha, mto ulijaa.

Hajira anasema hajambo. Anasema amefurahi kusikia mama anatembea, na mtoto wa Yunusi anakaa. Mtama umeota baada ya kupanda mara mbili. Mama macho yameziba kabisa, sasa anaongozwa na Hajira.

Salamu zako nimemsomea kwa sauti, majina yote matatu. Anakushukuru kwa kuwa umetukumbuka sote kwa majina, mimi, na mama, na yeye. Anasema katika nyumba hii hakuna mwingine, na hukumsahau mtu. Sisi watatu tunakusalimu.

Bashiri, kwa Hajira.